KAZI ZA MIKONO: Pembe ya Baruti na Mafundi wa Gatwekera

Mtu apitaye katika vichochoro vya Kibera, akitoka Gatwekera na kuifuata reli, huisikia kazi kabla hajaiona. Hapa msumeno, pale nyundo juu ya bati, na mbele kidogo mlio mwembamba wa gurudumu la kusagia linaloendeshwa kwa umeme. Kisha hufika harufu. Harufu ya pembe inayokatwa haifichiki. Ni ile ile ya nywele zilizoungua, na mgeni asiyeizoea huweka leso puani. Mafundi wa kazi hii hununua mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni, huzichemsha, huzikata na kuzisugua mpaka zing'ae, na katika vitu ambavyo wengine huvitupa hutoa vifungo vya nguo, bangili, hereni, vijiko na mipini ya visu.

Wengi huiita kazi hiyo kazi ya takataka. Jina hilo si la haki, na historia nayo hailikubali. Zamani, katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki, ustadi wa kukata pembe, kuitoboa, kuilainisha kwa maji ya moto na kuiziba isiingize unyevu ulikuwa ustadi ambao uhai wa mtu uliutegemea, kwa kuwa katika pembe ndimo baruti ilimokaa. Bunduki ilitoka ng'ambo. Pembe, beti, kipimo na mdeki aghalabu vilitoka mikononi mwa mafundi wa hapa, na bila vitu hivyo bunduki ilikuwa rungu zito tu.

Kijana wa leo, ambaye huijua bunduki kwa kuiona begani mwa askari mlangoni pa benki, yafaa aelezwe kwanza gobori ni nini. Ndugu zetu wa Tanzania huiita gobore. Ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomo: haina mlango nyuma, wala haitumii risasi yenye ganda lake na baruti yake ndani. Mwenye nayo huisimamisha, akamimina baruti katika kasiba kwa kipimo, akatia risasi iliyozungushiwa kitambaa chenye mafuta, kisha akashindilia vyote kwa mdeki mpaka vikae chini kabisa. Hapo bado hajamaliza. Ikiwa bunduki ni ya gumegume, hutia baruti laini kidogo katika kisahani kilicho kando ya kasiba, ili jiwe likipiga chuma cheche ziangukie humo na moto upenye katika tundu dogo. Ikiwa ni ya fataki, huvika fataki moja juu ya chuchu ya chuma, na nyundo ya mtambo huipiga hiyo. Shina la ufundi huu wa pili ni kasisi mmoja wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Inasemekana kuwa alikuwa mpenda kuwinda ndege, na ndege waliona moto wa kisahani kabla risasi haijatoka.

Sasa na ahesabu msomaji mwenyewe: baruti, kipimo, risasi, kitambaa, mafuta, mdeki, jiwe au fataki, sindano ya kuzibulia tundu, na ngozi ya kufunikia mtambo mvua inyeshapo. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vema, mwenye baruti na risasi zilizofungwa tayari katika karatasi, aliweza kupiga hata mara tatu kwa dakika moja. Mpagazi wa msafara hakuweza kufikia upesi huo. Wala tofauti hiyo haikuwa katika bunduki. Ilikuwa katika mpango wa vitu vilivyoning'inia kiunoni. Mtu aliyelazimika kupekua kifuko chake akitafuta risasi, huku nyati amekwisha kumwona, alikuwa na haja kubwa ya fundi mwema wa mikoba.

Bunduki hizo ziliingia kwa wingi ambao ni vigumu kuusadiki. Katika mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kuwa bunduki zilizoingia bara kila mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Nyingi zilikuwa kuukuu. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki za kufunguka nyuma yaliuza zile za kushindilia, na wafanyabiashara wakazileta huku kubadilishana na pembe za ndovu. Nyingine zilitengenezwa makusudi kwa biashara ya Afrika katika miji ya Liège huko Ubelgiji na Birmingham huko Uingereza. Zilipita Bagamoyo, zikafika Tabora, na kutoka Tabora zikaenea mpaka maziwa makuu. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu yake kwa vijana walioitwa rugaruga, na silaha yao mashuhuri ilikuwa gobori.

Bunduki hizo zilipofika bara hazikubaki kama zilivyotoka kiwandani. Kitako kilichopasuka kilifungwa kwa ngozi mbichi ya mnyama. Ngozi ikikauka hujikaza kuliko msumari wowote. Wengine walizungusha waya wa shaba kwa pambo na kwa nguvu. Huko Buganda wahunzi wa Kabaka walijifunza kutengeneza mitambo iliyoharibika. Na pwani, ambako Waarabu wa Oman walikuwa na desturi yao ya tangu kale, matajiri walivaa vichupa vya baruti vilivyopambwa kwa fedha, kazi ya masonara wa miji kama Nizwa. Vichupa hivyo huonekana leo katika makumbusho na maduka ya vitu vya kale, navyo hupendeza macho kweli kweli. Lakini mwindaji wa Ukamba au Usukuma hakuwa na fedha ya kutia kiunoni. Alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe alikuwa na pembe.

Kisha ikaja sheria. Mnamo tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengineyo yalitia sahihi mkataba wa Brussels, na pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa yakakataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta. Kilichoachiwa mlango, chini ya ulinzi, ni bunduki ya gumegume isiyo na michirizi ndani ya kasiba, na baruti ya kawaida ya biashara. Watu husoma habari za mkataba ule kwa ajili ya utumwa, na ni vema. Lakini una upande huu wa pili pia. Tangu siku ile bunduki yenye nguvu ikawa mali ya serikali za wageni, na gobori likawa la mwenyeji. Miaka 15 baadaye, katika vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, mikuki na magobori vilikutana na bunduki za rashasha za Wajerumani, na matokeo yake yanajulikana.

Basi sheria ile ikairefushia pembe ya baruti maisha yake. Ulaya ilikuwa imekwisha kuitupa. Huku iliendelea kuchongwa. Nayo ilichongwa namna gani?

Fundi huanza kwa kuchagua. Pembe njema ni ya ng'ombe aliyekomaa, isiyo na ufa, wala isiyotobolewa na wadudu, maana wako vinondo ambao viwavi wao hula pembe kama wengine walavyo sufu. Pembe za ng'ombe wa Ankole ni kubwa na za kupendeza, na mafundi wa Kampala na Nairobi huzitamani kwa kazi za mapambo, lakini kwa baruti ni kubwa kupita kiasi; mtu hawezi kukimbia na kitu kama hicho mbavuni. Pembe ya ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu ni fupi, na mara nyingi ndiyo ifaayo. Tena pembe ya kushoto na ya kulia hazilingani kwa mkunjo wake. Mnunuzi mjuzi huiweka kiunoni kwanza aone kama inamkumbatia au inamsukuma.

Ndani ya pembe mna mfupa. Pembe mbichi huchemshwa, au hulowekwa majini siku nyingi mpaka utando ushikao mfupa uoze. Ndipo hugongwa juu ya gogo na mfupa ukachomoka wenyewe. Ni hapa ambapo majirani hulalamika, na ni haki yao.

Sasa hufika sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Pembe si tupu mpaka mwisho. Ncha yake ni ngumu, haina uwazi. Fundi huingiza waya mwembamba ndani mpaka ukome, huutia alama kwa ukucha penye mdomo wa pembe, kisha huutoa na kuulaza juu yake kwa nje, akiufuatisha mkunjo ule ule. Hivyo huona mahali uwazi ulipoishia. Hukata ncha mbele ya mahali hapo, akiacha urefu wa vidole viwili au vitatu vya pembe ngumu, na kuitoboa kwa keekee mpaka tundu likutane na uwazi. Wanafunzi wengi huharibu hapa. Pembe imepinda, na keekee hukwenda moja kwa moja. Asiyepima vema hutokea ubavuni, na pembe aliyoihangaikia kwa majuma mawili huwa filimbi mbovu. Yuko fundi atumiaye waya uliotiwa motoni, ambao hufuata mkunjo kidogo, lakini waya huo huunguza tundu na kuliacha na kuta dhaifu. Keekee na subira ni bora.

Mdomo mpana nao una taabu yake, kwa kuwa si duara. Ni kama yai. Pembe ikipata joto la maji yachemkayo hutii kama ngozi iliyolowa, na fundi hugongomea ndani yake kigogo cha mti kilichochongwa kama pia, akikiacha humo mpaka pembe ipoe. Ikiisha kupoa huwa duara na haibadiliki tena. Ndipo hukata kizibo cha mti mkavu kabisa, hukipaka nta pande zote, hukiingiza kwa nguvu na kukifunga kwa vijiti vidogo vya mti mgumu au kwa misumari ya shaba. Misumari ya chuma haitumiki. Chuma hushika kutu, na chuma kikigonga jiwe hutoa cheche. Sababu ya kwanza huharibu pembe, ya pili humharibu mwenye pembe.

Baadaye huja kukwangua. Kisu hushikwa kimesimama, si kulala, na huvutwa kuelekea nchani. Kisha kipande cha kioo kilichovunjika, kisha jani la msasa, kisha majivu na mafuta kidogo katika kitambaa. Pembe nyeupe huweza kukwanguliwa mpaka mwanga upite, na mwindaji akiinyanyua juani huona baruti imebaki kiasi gani bila kufungua kitu. Mwisho ni mtihani. Fundi huuzamisha upande wa kizibo majini huku akipuliza kwa ncha. Povu likitokea, kazi hurudiwa. Hapana huruma katika jambo hili, kwa maana mahali pumzi itokeapo ndipo unyevu wa masika utakapoingilia, na baruti iliyolowa ni uji mweusi.

Baada ya pembe, kitu kidogo kuliko vyote ndicho kilichookoa watu wengi: kipimo. Mara nyingi kilikuwa ncha ya pembe nyingine iliyochimbwa, au kipande cha mwanzi, kikining'inia kwa kamba. Asiyejua atauliza kwa nini mtu asimimine baruti kutoka pembe moja kwa moja hadi katika kasiba. Jibu ni kwamba baada ya kupiga mara ya kwanza huweza kubaki kaa dogo la moto ndani ya kasiba. Baruti ikilikuta, huwaka. Na ikiwa mdomo wa pembe uko pale pale, moto hupanda mpaka katika pembe nzima iliyo mkononi, karibu na uso. Kipimo hukatiza njia hiyo. Tena huzuia tamaa. Misafara ilipokaribia mji ilikuwa na desturi ya kupiga bunduki hewani ili wenyeji wajue kuwa wageni wamefika, na vijana walipenda mlio mkubwa; wakatia baruti ya mara mbili katika kasiba ambazo nyingine zilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Vidole vilivyopotea kwa njia hiyo havikuandikwa katika kitabu chochote.

Beti haihitaji maneno mengi. Ni kifuko cha ngozi cha kutia risasi au fataki, chenye kifuniko na kitanzi cha mshipi. Neno lenyewe linaelekea kufa. Kijana wa Nairobi akilisikia hufikiri habari ya shairi, au, jambo lililo baya zaidi, kamari ya mpira. Fundi wa beti alijitahidi kwa mambo mawili: mshono usitoboe ngozi karibu na ukingo ikachanika, na mdomo uwe mpana wa kuingiza vidole viwili bila kutazama. Mdeki ulikuwa mti mnyoofu, mgumu usiovunjika ghafula, maana ukivunjika vipande vyake vyenye ncha huchoma kiganja. Sindano ya kuzibulia ilikuwa waya wa shaba tu. Kalibu ya risasi ndiyo kazi ya mhunzi. Risasi iliyeyushwa, ikamiminwa, ikapoa, ikakatwa kishina chake.

Sasa turudi Kibera, ambako kuna jambo la ajabu kidogo. Mahali pale palianzishwa na watu wa bunduki. Katika mwaka 1891 Kapteni Lugard alikwenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki baada ya kuondoka kwa Emin Pasha, akawaleta Uganda wakatumike. Hao na wenzao waliingizwa katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa tarehe 1 Januari 1902, na kuanzia mwaka 1904 walipewa mahali pa kukaa katika msitu ulio kando ya Nairobi. Kwa lugha yao ya Kinubi wakapaita Kibra, yaani msitu. Wazao wao wangali hapo, na mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zile ekari 4,000 na zaidi zilizotengwa hapo mwanzo. Gatwekera ilijaa baadaye, kwa watu waliokuja kutafuta kazi mjini, hasa kutoka pande za Nyanza.

Lakini askari wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kupata bunduki za kufunguka nyuma. Risasi yao ilikuwa na ganda lake, baruti ilikuwa ndani ya ganda, na ganda lilitoka ghala la serikali likiwa limehesabiwa. Hawakuwa na haja ya pembe wala kipimo. Kwa hiyo kijiji cha askari kilizaliwa wakati ule ule pembe ya baruti ilipokuwa ikifa katika jeshi, na mafundi wa pembe walioko Kibera leo hawakurithi kazi hiyo kutoka kwa askari wale. Wameianza upya, kwa haja nyingine. Yeyote asemaye kuwa huu ni urithi usiokatika tangu siku za misafara anaipamba hadithi.

Wala mtu asidhani kuwa Gatwekera hutengenezwa bunduki. Nairobi imewahi kuona jambo hilo, na gharama yake ilikuwa kubwa. Katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu 1952, wapiganaji wa Mau Mau walitumia bunduki zilizotengenezwa kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira, na nyingine zilikuwa za hatari kwa mpigaji kuliko kwa mpigwaji. Kupatikana na silaha wakati ule kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Leo pia sheria ya Kenya inakataza kutengeneza silaha bila leseni. Pembe tupu ni kitu kingine. Haina moto ndani yake.

Kinachostahili kutazamwa ni kwamba vitu vyote vitatu vilivyohitajiwa na fundi wa zamani vinapatikana leo katika mwendo wa saa chache kwa miguu. Pembe hutoka katika machinjio ya Dagoretti, ambako Lugard huyo huyo alijenga boma la Kampuni mwaka 1890 ili misafara ipate chakula. Hupakiwa katika magunia na kupita Kawangware mpaka Kibera. Ngozi iko Kariokor, soko lililopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Na shaba hupatikana Kibera kwenyewe, kwa kuwa wako mafundi wayeyushao bomba kuukuu za maji na kufuli zilizovunjika, wakamimina shaba katika kalibu na kutoa pete na vikuku. Tangu Serikali ilipokataza uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyama wa mwitu mwaka uliofuata, mapambo ya pembe za ndovu yalitoweka madukani, na mfupa na pembe ya ng'ombe vikapata nafasi. Mgeni asiyejua huushika mfupa uliosuguliwa vema akiudhani ndovu, na fundi hufurahi kumsahihisha.

Furaha hiyo hailipi kodi ya chumba. Bangili moja hupita mikononi mwa wengi kabla haijafika dukani ng'ambo, na kila mkono huacha bei juu zaidi kuliko ulivyoikuta, isipokuwa mkono wa kwanza. Tena iko vumbi. Gurudumu la kusagia hutoa vumbi jeupe laini kama unga wa muhogo, linalotua katika nywele, nyusi na chai. Vumbi la mfupa na pembe likivutwa siku baada ya siku hudhuru mapafu. Fundi wa zamani, aliyekwangua kwa kisu chini ya mti, hakulijua kwa kiasi hiki. Kibanda chenye mlango mmoja na bila dirisha ni mahali pabaya pa kazi hiyo. Kitambaa kilichofungwa puani ni bora kuliko kukosa, lakini hakitoshi. Chahitajika kinyago halisi cha vumbi, na mashine ya kulivuta vumbi nje, na maji juu ya kinachokatwa. Wenye kununua kwa wingi wakiombwa kuongeza bei kidogo kwa ajili ya hayo husema soko ni gumu. Labda ni kweli. Mapafu nayo hayana soko la pili.

Na hapa habari ya gobori yarudi kwa njia isiyotazamiwa, kwa sababu huko Marekani pembe ya baruti haijafa. Tangu mwaka 1933 kiko chama cha taifa cha wapenda bunduki za kushindilia, ambacho makao yake ni katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Katika jimbo la Pennsylvania umekuwapo tangu 1974 msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume. Watu hao hutaka pembe iliyochongwa kwa mkono, na huipenda zaidi iwapo imechorwa, kama askari wa karne ya 18 walivyochora juu ya pembe zao ramani za mito na ngome walizopita. Mchongaji wa huko huweka jina lake juu ya kazi yake, na mnunuzi hulipia jina hilo.

Fundi wa Gatwekera ana mkono wa kazi kama hiyo. Anachokosa ni kipimo kilichoandikwa, jina lililochorwa, na mnunuzi amjuaye. Tena pembe ni mazao ya mnyama, na kila nchi ina sheria zake za afya ya mifugo. Asiyeuliza kwanza hupoteza mzigo wake bandarini. Lakini hata asipouza pembe moja ya baruti maisha yake yote, ni vema vijana wanaojifunza wafundishwe kazi nzima: kuchagua, kutoa mfupa, kupima kwa waya, kutoboa, kuzungusha, kuziba, na kujaribu majini. Wengi wao hufundishwa hatua moja tu, ile ya kushika kitu juu ya gurudumu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayolipwa kwa kipande. Aliyefundishwa hatua moja hawezi kubishana juu ya bei ya kitu kizima.

Katika vibanda vingi jambo la kwanza lifanywalo pembe ifikapo ni kuikata ncha. Sehemu pana hupasuliwa, huchemshwa na kubanwa iwe bapa kwa bangili na vitana. Ncha hutupwa ndooni pamoja na nyingine, zisubiri kuwa hereni au vifungo vya makoti. Ni vipande vidogo, vigumu, virefu kiasi cha vidole viwili au vitatu, vile vile ambavyo mtobozi wa zamani alivipima kwa waya na kuvilinda kuliko pembe yote iliyobaki.